Uzoefu wangu: Gemu niliyoilipia bei kamili bado inanidai

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ilipokaza, nilinunua diski mpya ya gemu ya mbio za magari katika duka moja la Mwanjelwa kwa shilingi 170,000, ili mimi na mpwa wangu tupate cha kufanya jioni tukiwa tumejifungia ndani. Uendeshaji wa magari ni mzuri kwelikweli: tairi huteleza barabara inapolowa, na mlio wa injini hubadilika kila unapopandisha gia. Kwa upande huo sina lawama.

Lawama yangu iko kwenye gereji ya gemu hiyo. Gari jekundu ambalo mpwa wangu alilipenda tangu siku ya kwanza linauzwa sarafu 900,000, ilhali ushindi mmoja, unaochukua takriban dakika 9, hulipa sarafu 15,000. Tulipiga hesabu nyuma ya daftari lake la shule tukapata mbio 60, yaani saa 9 za kushinda bila kukosea hata mara moja. Pembeni ya gari hilo hilo kuna kitufe cha kununua sarafu kwa fedha halisi, nazo huuzwa kwa vifurushi vya 500,000, kiasi kwamba ukinunua viwili unabakiwa na 100,000 zisizotosha gari lolote, ukatamani kuongeza cha tatu. "Mjomba, si ulipe tu kwa simu?" aliniuliza. Ana miaka 10, na swali lake liliniuma, kwa maana gereji nzima ilikuwa imepangwa ili aliulize.

Kampuni kubwa hujitetea kwamba bila manunuzi haya madogo madogo hazitapata faida, kwa kuwa gharama za kutengeneza gemu zimepanda sana huku bei ikisimama kwenye dola 60 kwa miaka mingi, hadi ilipoanza kufikia dola 70 mwaka 2020. Hoja hiyo nimeipima, na haijanishawishi. Grand Theft Auto V ilipotoka Septemba 2013 iliingiza dola bilioni 1 ndani ya siku 3, kabla hata sehemu yake ya mtandaoni, yenye manunuzi hayo, haijafunguliwa. Elden Ring ya mwaka 2022 iliuza nakala milioni 12 katika muda usiofika wiki 3, bila duka lolote ndani yake. Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu ni wa Novemba 2017, wachezaji walipolikataa duka lililo ndani ya gemu ya Star Wars Battlefront II: EA, kampuni inayoiuza gemu hiyo, iliyazima manunuzi hayo siku moja kabla ya gemu kuingia sokoni rasmi, kisha ikawaeleza wawekezaji wake kwamba hatua hiyo haikutarajiwa kuyatikisa makadirio yake ya fedha ya mwaka ule. Mwenye duka anayeweza kufunga dirisha moja bila mahesabu yake kuyumba hawezi kudai kwamba dirisha hilo ndilo linalomlisha.

Gemu ya bure kama Fortnite Battle Royale ni suala jingine, kwa kuwa hukulipa chochote mlangoni, nayo huuza mavazi na mapambo yasiyompa mtu ushindi. Mimi nililipa mlangoni.

Naipa gemu hii nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya uendeshaji. Sijanunua sarafu hata moja. Gari jekundu bado hatujalipata. Tumebakiza mbio 22, na mpwa wangu anazikata kwa kalamu kwenye daftari lile lile.