Anfield nimefika, mechi nimeisikilizia nje

Wakala aliyenipeleka Anfield, uwanja wa Liverpool, simpi hata nyota moja. Jina lake siliweki hapa kwa sababu bado namdai, lakini kama kuna mtu anakwambia "tiketi ipo, wewe lipa tu, utaikuta hukohuko", soma kwanza haya kabla hujatuma hela.

Ni Mtanzania mwenzetu, anaishi Uingereza, ana Kiswahili laini na neno "kaka" halimkauki mdomoni. Hela alitaka zote kabla ya safari. Kifurushi chake: mechi ya ligi, kiti kwenye jukwaa la Kop, na siku inayofuata ziara ya ndani ya uwanja. Kop! Mtu aliyeanza kuishabikia Liver kwenye kibanda umiza, amesimama kwa sababu benchi zimejaa, anajua ukimtajia hilo jukwaa umemmaliza. Jina lenyewe limetoka Afrika Kusini, kwenye kilima cha Spion Kop ambako Januari 1900, kwenye vita ya Waingereza na Makaburu, walikufa askari wengi waliotoka pande hizo za Lancashire. Nilikuwa nimesoma yote hayo. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuoa.

Siku ya mechi tukaambiwa kijana wake atatukuta kwenye sanamu ya Bill Shankly, kocha wao wa zamani, hapo nje ya uwanja. Tukasubiri. Watu wanapita na skafu zao, wanapiga picha, wanaingia, na sisi tumesimama tu na baridi ile. Kijana akatokea mechi ikiwa inakaribia kuanza, mkononi ana simu kadhaa. Akanikabidhi moja, kioo kimepasuka kwenye kona, ndani yake kuna pasi ya kuingilia, ndiyo tiketi yenyewe, yenye jina la mtu nisiyemjua. Anfield unaingia kwa simu: unaigusisha kwenye mashine, geti linaachia. Akaniambia, "Ukiulizwa jina, wewe ndiye huyo." Akageuka, akapotea kwenye watu.

Nikagusisha. Taa nyekundu. Nikafuta kioo kwa mkono wa koti, nikagusisha tena. Nyekundu. Foleni nyuma yangu imeanza kuguna. Mhudumu wa getini, mama mtu mzima, akanivuta pembeni, akaitazama ile simu, akanieleza taratibu kwamba pasi ile imeshafungwa, na kwamba kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai kwao, lipo kwenye sheria tangu 1994. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza nimetoka wapi, nilipomtajia Dar es Salaam akanishika bega, akanyamaza. Yule mama Mungu ambariki.

Nikampigia wakala. Nilichojibiwa hakijanitoka mpaka leo: "Kaka, si umeshafika Anfield? Piga picha, tutaongea." Akakata simu. Nikapiga tena, haipatikani.

Basi nikabaki nje. Ule wimbo wao, You'll Never Walk Alone, ukaanza nikiwa nimeegemea ukuta wa matofali, na niseme ukweli, machozi yalinitoka. Baadaye ikaja kelele moja ambayo sikuhitaji kuangalia simu kujua kwamba tumefunga. Ukuta unatetemeka, wewe upo mita chache tu kutoka kwenye goli ulilolisubiri maisha yako yote, na huruhusiwi kulitazama.

Usiku ule ningeandika, ningewaambia msiende. Baki na televisheni yako. Uwanja gani huo wa kuota ndoto, wakati mtu wa kawaida kutoka kwetu hawezi kuipata tiketi halali bila kuingia kwenye kura ya bahati ya wanachama?

Lakini ziara ya kesho yake ilikuwa halali, na humo ndani hasira yangu ilinisaliti. Nilisimama pembeni ya ule uwanja, nyasi zake hujawahi kuona, nikaanza kutafuta ni wapi Samatta aliruka Novemba 2019 akaifungia Genk ya Ubelgiji kwa kichwa. Tulifungwa na mtu wetu na tukashangilia, nakumbuka! Genk wakalala 2-1, hakuna aliyejali. Kwenye kundi letu kulikuwa na Mkenya, kusikia Kiswahili akadakia kwamba sisi tunacho kichwa kimoja, wao wana lile kombora la Wanyama la Februari 2018 akiwa Tottenham, na juu yake Origi, mshambuliaji wa zamani wa Liver, kwa kuwa baba yake Mike Okoth alichezea Harambee Stars. Ile kona ya mechi na Barcelona ya 2019, 4-0, aliyoimalizia Origi, akadai ni goli la Kenya. Tukabishana Kiswahili pale pale kando ya uwanja wa Anfield mpaka mwongozaji akatuomba tusogee. Kile kibao cha "This Is Anfield" cha kwenye njia ya wachezaji, ambacho kocha wa zamani Klopp aliwakataza wachezaji wake kukigusa mpaka washinde kombe, nimekigusa kwa mikono miwili. Kwa hilo tu, nendeni. Ningerudi hata kesho.

Kilichonirudishia hasira ni ukuta wa majina 97 ya mashabiki wa Liver waliokufa kwa kubanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989. Mdogo wao alikuwa na miaka 10. Kwa miaka mingi walisingiziwa kwamba maafa yalisababishwa na mashabiki waliofika wamelewa na wasio na tiketi, familia zikapigania ukweli mpaka 2016, baraza la wazee wa mahakama likasema mashabiki hawakuwa na kosa. Sasa wewe, kwa hela yangu, unanipeleka kwenye geti la klabu hiyo hiyo na tiketi iliyofungwa, yenye jina la mtu mwingine? Unanisimamisha pale nisababishe foleni, nionekane mimi ndiye mhuni? Wizi wa hela ningeuzoea. Hili ni kuwatukana wafu wa watu.

Uanachama wa klabu nimeshalipia, kwa jina langu mwenyewe, nasubiri kura. Wakala juzi kanitumia sauti kwamba msimu ujao ana ofa nzuri, nimletee na wenzangu. Nimemjibu arudishe hela. Ameisoma, hajajibu, na jina lake likihitajika polisi nitalitoa kamili.