Kazi ya mtaa: asante iende kwa mheshimiwa au kwa mlipa kodi?

Kazi Mtaani, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa vijana vibarua, ulipoanza mwaka 2020, wakati wa korona, vijana wa mitaa ya mabanda ya Mathare na Kibera jijini Nairobi walizibua mitaro na kufagia vichochoro kwa ujira wa siku. Asante ni ya nani?

Wanaomsifu mwanasiasa wana hoja. Pesa hazitembei zenyewe. Mbunge anaweza kuipigania bajeti au kuilalia. Anayefuatilia mpaka vijana walipwe kwa wakati asifiwe kwa huko kufuatilia.

Upande wa pili ndio wangu. Mama mboga akinunua kipande cha sabuni, ndani ya bei kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Sabuni hiyohiyo ndiyo mwanawe ananawia jioni akirudi na tope la mtaro hadi kwenye viwiko. Hata mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge (CDF), ulioanza mwaka 2003, ulitengewa kisheria angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Hiyo ni kodi yetu, si mfuko wa koti la mtu.

Halafu unakuta bango limesimikwa kando ya mradi, picha ya mheshimiwa kubwa kuliko maandishi ya gharama. Inaniuma sana. Kijana akiamini kibarua ni hisani, malipo yakichelewa wiki mbili atanyamaza asije akaonekana hana shukrani. Akijua ni jasho la mamake, ataenda ofisini na kitambulisho mkononi, aulize pesa ziko wapi.