Rulema (beringi) zangu ziko wapi? Uzoefu wangu na garaji moja ya hapa L'shi (Lubumbashi)

Mi si mtu wa kuandika andika juu ya wengine, lakini hii imenifika kooni. Jina la garaji sitaji, sitaki kesi, wenye kuijua wataijua.

Niko na trakta ndogo ya kukata majani, ile ya kukalia, ya kizamani kabisa, niliiuziwa na familia moja ya wageni walipokuwa wanarudi kwao. Rangi imeliwa na jua lakini motere ni mzima, inawaka mara moja hata ile baridi ya mwezi wa saba. Mi napangisha parsele (kiwanja changu) kwa ndoa na sherehe zingine, na mwezi wa kumi na moja mvua ikishafunguka majani ya L'shi haingoji mtu, ukizubaa kidogo nyoka anakuja kuzalia humo. Kwa hiyo trakta ikilala, na mi nalala njaa.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Visu inazunguka vizuri, unakata nusu ya kiwanja, halafu ghafla kimya. Motere inaunguruma, trakta inatembea, chini hakuna kitu. Unazima, unaiacha ipoe, unakunywa maji, unawasha, unavuta swichi ya visu, unasikia ile "tak" ya ambreyaji (klachi ya umeme ya visu) na kazi inaendelea. Ikipata moto tena, kimya. Sasa mtu yeyote wa mashini akisikia kitu kinakufa kikiwa na moto na kufufuka kikipoa, si anaanza kwa umeme? Mkubwa wa garaji hata kuinama hakuinama. Simu sikioni, akapiga gurudumu teke, "Papa, hii ni kurua." Yaani mkanda wa kuzungusha visu. Basi.

Kurua yenyewe akaleta ya gari. Nikamuuliza, mkubwa, hii si ya feni ya gari? "Kurua ni kurua, papa." Haiko hivyo! Kurua ya visu inapindwa mbele na nyuma, kuna pulii inaikandamiza mgongoni, na kila ukitia visu inavutwa ghafla, njo maana inavalishwa kitambaa kigumu nje na ndani inawekewa nyuzi za nguvu. Ya gari haikuzaliwa kwa hiyo kazi. Ilitoa moshi, harufu ya mpira ikafika kwa jirani, na ndoa ya Jumamosi ile tulimalizia majani kwa kupekupe (ile ya kukatia majani kwa mkono), vijana wanakata huku wenye kupanga viti wanatutukana.

Nikarudi. Safari hii akasema rulema za shafti ya visu zimekufa zote, ndizo zinabana mpaka kurua inaungua. Hapo angalau kulikuwa na akili, juu rulema ikikwama kweli inaunguza kurua. Nikalipa, dola, mkononi, bila kubishana. Siku ya kuchukua nikasema, haya mkubwa, nipe zile za zamani. Kwetu hapa hiyo si matusi, ukibadilishiwa kitu unapewa cha zamani hata kama utaenda kukitupa kwenye mtaro.

Yule bwana alibadilika sura. "Papa, unaniona mi mwizi? Rulema ya kufwa utafanya nayo nini, utaipika?" Wafanyakazi wakacheka, na mteja mwingine aliyekuwa amekaa kwenye tairi naye akacheka, sijui yeye alikuwa anacheka nini. Nikamwambia nitaipika, nipe. Akasema kama siko na konfiansi nibebe mashini yangu mgongoni niende. Mbele ya watu! Mtu umri wa mdogo wangu!

Nyumbani nikatoa waya ya boji (plagi) kwanza (msiingize mkono kwenye visu bila kufanya hivyo, tafadhali), nikavua kurua, nikazungusha kila pulii kwa mkono. Ya kushoto sawa. Ya kulia inasaga, unaisikia kwenye vidole kabla ya masikio, krr, krr. Nikafungua. Grisi mpya wamepaka nje tu, inang'aa, na chini yake udongo wetu mwekundu umeshikana na grisi ya zamani sawa bukari (ugali) ya juzi, na rulema ni zilezile, zina kutu ya miaka. Njo maana hakuwa na za kunirudishia! Zilikuwa bado ndani!

Nikampigia nikasema yote niliyokuwa nayo. Akakata. Lakini kesho yake akanitumia peti (msaidizi) mmoja wa pale garajini, kijana mwembamba, mpole, na hapa njo hadithi inanichanganya, juu huyu mtoto ni fundi kweli. Hakupiga kitu teke. Alipima batri kwanza, mashini ikiwa imezimwa volti 12 na kitu, ikiwaka karibu 14, akasema inachaji. Akachomoa waya ya ambreyaji, akapima koili, karibu omu 3, akasema haijafa, msinunue ingine. Na mkubwa wake alishaanza kuniambia itabidi niagize ambreyaji mpya Afrika Kusini!

Halafu akatoa fungu la vibati vyembamba vya kupimia nafasi, vile vya kurekebishia valvu, akalala chini kabisa na shati lake safi, akaingiza kimoja kwenye nafasi ya ambreyaji. Kikapita bila kugusa popote. Akaongeza kingine juu yake, vikapita vyote. "Papa, ona, imekulika." Akanieleza kwamba ambreyaji ni sumaku, inapaswa kuvuta sahani iruke nafasi ndogo sana, sasa nafasi imepanuka kwa kuchakaa, na koili ikipata moto umeme unapita kwa shida, sumaku inalegea, sahani haivutiki tena. Kuna nati tatu zenye resori (springi). Akakaza moja kidogo, ya pili kidogo, ya tatu kidogo, anarudia, mpaka kibati cha milimita 0.4 kikawa kinapita kwa kukwaruza pande zote tatu. Kurua ya gari akaitupa, nikatia ya kazi yake iliyotoka Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia. Rulema alipoziona alinyamaza tu, akasema, "Papa, mi siku ile sikuwako."

Nilikata kiwanja chote, jua kali, bila kusimama. Siku ile ungeniuliza ningewapa nyota tano na ile kelele ya rulema ningeimeza. Nilishaanza hata kuwaza labda mkubwa ni kazi nyingi tu, labda alidanganywa na vijana wake.

Halafu wiki hii nimekaa kwenye trakta nakata, nikaona jiwe limetokeza pale tulipobomoa kichuguu, nikanyanyuka nilitoe. Motere haikuzimika. Visu inaendelea kuzunguka chini ya miguu yangu! Trakta hizi zina kitufe chini ya kiti, ukinyanyuka visu ikiwa inazunguka, motere inakufa, na yangu ilikuwa inafanya hivyo siku zote. Nikageuza kiti. Waya mbili zimekatwa, zimesokotwa pamoja, zimefungwa na kipande cha sashe (mfuko wa plastiki) nyeusi, kitufe kinaning'inia peke yake. Na humu ndani watoto wa dada yangu wanakimbia!

Nikampigia mkubwa. Unajua alisema nini? "Papa, si ulilia visu inazima? Mi nikaizuia kuzima."

Sina maneno. Eti ameizuia kuzima.

Kitufe nimekirudisha mwenyewe, trakta inakata vizuri, na ukipata mashini kama hii ya zamani kwa bei nzuri chukua, usiogope. Garaji nawapa nyota mbili, moja ya vibati vya kupimia na moja ya shati la peti lililochafuka. Hapana, moja. Na huyu mkubwa ananiandikia tena sasa hivi eti nimebaki na deni ya grisi. Andikeni sifuri. Peti, ukifungua garaji yako niite, rulema ya kulia bado inakungoja.