Technics SL-1200MK2 ya zamani: kagua nyaya kabla ya mota

Wanunuzi wengi wa Technics SL-1200MK2 iliyotumika, mashine ya santuri iliyoingia sokoni mwaka 1979, huanza kwa kuulizia mota, ilhali mota hiyo, inayozungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, ndiyo isiyosumbua sana. Panapostahili jicho kali ni njia ya sauti, kuanzia pini nne za kichwa cha sindano hadi plagi mbili za RCA zinazopeleka sauti kwenye amplifaya na waya mwembamba wa ethi (wa kutuliza umeme) unaotokea nyuma, kwa sababu katriji, kifaa kidogo chenye sindano, hutoa milivolti chache tu na kasoro ndogo ya waya husikika mara moja.

Kwa fundi, mpangilio wake ni wa kupendeza. Kichwa hutoka kwa kulegeza pete, na nyaya zake hufuata rangi zilizozoeleka: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Kikishatolewa, maltimita, kipimo cha umeme, hupima kila njia kutoka ndani ya mkono unaobeba kichwa hadi kwenye plagi bila kuhatarisha koili laini za katriji. Omu chache, yaani ukinzani mdogo wa waya, ni dalili njema. Namba zikirukaruka unapotikisa kebo kwenye shingo ya plagi, mchawi umempata.

Mvumo wa chini unaosikika kwenye spika nao hujieleza. Ukipungua unapogusa chuma cha mkono, waya wa ethi umekatika au haukukazwa kwenye amplifaya. Ukisikika upande mmoja, badilishana plagi za RCA: ukihamia spika ya pili, kasoro iko kwenye mashine au kebo yake, na wa kushukiwa kwanza ni waya wa buluu au wa kijani, usipohama, ichunguzwe amplifaya. Wapo pia wamiliki, hasa madijei, wanaounganisha ethi kwa ndani na ngao ya RCA, yaani waya wa nje unaozunguka ule wa sauti. Ukikuta kazi hiyo, usiongeze waya wa nje, kwani njia mbili za ethi zaweza kuleta mvumo uleule uliokuwa ukiukimbia.

Lawama yangu ni kwamba kebo zimelehemiwa ndani, hivyo kuzibadilisha hulazimu kuchomoa umeme, kuvua miguu na kufungua skrubu nyingi za kitako cha mpira. SL-1200G ya mwaka 2016 ina matundu ya RCA kwa nyuma, na usumbufu huo haupo. Hata hivyo, kwa MK2 ambayo mota na mkono wake ni mzima, kebo mbovu ningeitumia kuombea punguzo la bei, wala nisingeiacha.