Multimita au kipimo cha kuchomeka: kipi kianze kwenye poti ya USB?

Poti za mbele ya kompyuta ni rahisi kukosewa waya, hasa kasha likifunguliwa na kuunganishwa upya. Kipimo kidogo cha kuchomeka hurahisisha kazi: kinaonyesha volti na ampea papo hapo, hata simu ikiwa inachaji. Lakini chanya na hasi zikigeuzwa, chenyewe kinaweza kuungua kabla hakijasema lolote.

Multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme chenye ncha mbili za kugusisha, haina woga huo. Itasoma tu volti -5 badala ya 5. Shida ni ncha zake: zikigusanisha pini mbili, umepiga shoti. Ndiyo maana mimi hukata kebo kuukuu ya USB, nikatenganisha waya mwekundu na mweusi, nikaichomeka kwenye poti na kupima hapo. Ikisoma kati ya volti 4.75 na 5.25, ndipo nachomeka kile kipimo kidogo.