Sumaku za Kushikia Kazi: Ipi Uianze Kununua

Hizi ni sumaku zinazoshikilia kipande cha chuma kikisagwa, kikichongwa au kikichomelewa. Kinachowaponza wanunuzi ni namba ya nguvu ya kushika iliyo kwenye boksi. "Kilo 150" ilipimwa juu ya bamba nene la chuma laini, safi, lililosagwa hadi likalala sawasawa, kisha likavutwa moja kwa moja kutoka kwenye uso wa sumaku. Kwenye mashine, kipande chako husukumwa upande, na kinachokizuia kisiteleze ni msuguano tu. Uso ukiwa na mafuta kidogo, mimi huhesabu sehemu moja kwa tano ya namba hiyo, basi.

Halafu kuna uwazi kati ya sumaku na kazi, yaani kipande unachokishika. Weka karatasi ya daftari kati ya sumaku na chuma, uvute. Mkono wenyewe utakwambia. Karatasi hiyo ina unene wa kama milimita 0.1, na rangi, kutu au chenga chache za chuma hufika hapo bila shida. Futa uso kila mara kabla ya kuweka kazi.

Unene nao una mambo yake. Bamba la milimita 2 haliwezi kubeba nguvu yote ya sumaku kubwa, kwa hiyo nyingine hupenya na kutokea juu. Dondosha skrubu juu ya bamba: ikinasa, ujue nguvu inavuja. Dawa yake si sumaku kubwa zaidi, ni yenye mistari ya ncha za sumaku iliyo myembamba na iliyokaribiana usoni. Chuma cha kusubu na kile kilichokazwa kwa moto hushikwa kwa udhaifu kuliko chuma laini. Aluminiamu, shaba na stenlesi ya 304 (aina ya kawaida ya chuma kisichoshika kutu), usijisumbue: sumaku haivishiki.

Kwa karakana nyingi naweka ya kwanza sumaku ya kudumu yenye hendeli. Haitumii umeme, haipati joto, na ukigeuza hendeli kipande kinaachia. Kama kazi zako ni nyembamba, chagua ya mistari myembamba hata kama namba yake ni ndogo.

Ya pili ni ile inayopewa umeme kwa muda mfupi tu ili iwake au izime, kisha inashika yenyewe. Ni ghali. Anayechonga vyuma vizito kutwa nzima aipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu ni ya umeme mtupu. Nguvu yake unaweza kuipunguza, jambo zuri kwa kipande kilichopinda kidogo. Lakini hupata moto, uso wake unaobeba kazi ukatanuka, vipimo vikahama. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande kinabaki bila mshikaji huku jiwe la kusagia bado linazunguka.

Mwisho kabisa ni vile vipembetatu vya sumaku vya kuchomelea. Vinafaa kushikilia kona wakati wa kutia nukta za kwanza za kuchomelea, ila usivisogeze karibu sana na mshono: huyumbisha moto wa kuchomelea, na vikiwa vya neodimiamu ya kawaida, joto likipita nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu ambayo hairudi hata vikipoa.