Ufunguo wa gari umegoma kuzunguka: uzoefu wangu na fundi wa funguo Malindi

Nampa nyota nne kwa tano. Hiyo moja nimemkata kwa kuchelewa na kwa kutokuwa na risiti. Kazi yenyewe sina la kumlaumu.

Gari langu ni Probox ya zamani, nililinunua mkononi likiwa na ufunguo mmoja tu. Hubeba mikate alfajiri kutoka Malindi mjini kwenda Mambrui na Gongoni. Ufunguo ulianza kuwa mgumu taratibu: unaingia sawa, lakini hauzunguki mpaka uuchezeshe. Kisha asubuhi moja ukakataa kabisa, mikate ishapakiwa. Ikabidi iende kwa tuktuk.

Gereji niliyoipigia simu walihukumu bila kuliona gari: swichi ya kuwashia imekufa, ibadilishwe nzima, spea iagizwe Mombasa. Bei yao niliisikia nikaaga kwa adabu. Jirani naye akanishauri nitie mafuta ya nazi, kana kwamba swichi inataka kusukwa nywele.

Muuza spea mmoja ndiye aliyenipa namba ya huyu fundi anayezunguka na kibegi chake. Aliahidi saa nne, akafika adhuhuri imeshaadhiniwa. Alipofika lakini, hakugusa bisibisi. Kwanza aliushika usukani, akausukuma kushoto na kulia huku mkono wa pili ukizungusha ufunguo polepole. Gari likiegeshwa tairi zimegeuzwa upande au zimebana ukingo, ule ulimi unaofunga usukani hukazwa, na hapo hata ufunguo mpya haugeuki. Alisema wateja wengi shida yao huishia hapo na yeye hudai nauli tu. Langu halikuwa hilo.

Akauchomoa ufunguo, akaupangusa, akautazama juani kwa ubavu.

"Mama, swichi yako nzima. Kilichoisha ni ufunguo."

Meno yake yalikuwa yamelika, yamekuwa mviringo. Ndani ya swichi mna vibati vidogo vyenye springi, na kila kimoja lazima kiinuliwe kimo chake barabara ndipo silinda, yaani kiini kinachogeuka na ufunguo, izunguke. Jino likipungua, kibati hakifiki, silinda inabaki imefungwa. Nikamwambia basi anichongee mwingine kwa kuufuatisha huohuo. Akacheka. Ukinakili ufunguo uliolika, unanakili na ulikaji wake.

Alichofanya ndicho kilichonifanya niandike haya. Alifungua mlango wa dereva, akatoa kitasa chake. Mlango wangu hufungwa kwa rimoti ya alamu, ufunguo hauingizwi humo, kwa hiyo vibati vyake vilikuwa kama vilivyotoka kiwandani, na vina namba za kimo. Akazisoma, akachonga ufunguo kwa vipimo hivyo kwa kimashine chake. Ukaingia, ukageuka. Bado ulikuwa na uzito kidogo, akapuliza dawa ya kusafishia ndani ya swichi, likatoka tope jeusi lenye mchanga. Kijana anayenisaidia kuendesha alikuwa akimimina mafuta ya cherehani kila swichi ikikaza. Mafuta hulainisha siku hiyo, halafu yanakamata vumbi, na kwa mchanga wetu huu wa pwani hilo halichukui muda. Fundi akamalizia kwa unga mkavu wa grafaiti, kidogo sana, akanikataza mafuta ya aina yoyote. Pia akautoa ufunguo kwenye lile fungu langu la funguo za makufuli ya duka, maana uzito ule huning'inia swichini gari likitikisika njia nzima.

Malipo yote, pamoja na nakala ya akiba, hayakufika hata gharama ya ufundi peke yake kule gereji. Nililipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa simu ndio risiti yangu.

Wenye magari ya ufunguo wa chipu mmuulize kabla hajaja. Ufunguo uliochongwa tu utageuka, lakini injini haitashika mpaka chipu isomeshwe kwa gari kwa mashine, na hiyo hana. Langu halina chipu, kwa hiyo upande huo siwezi kumsemea.

Nakala ya akiba ilikuwa na ncha zinazokwaruza. Nilimpelekea akaipiga tupa palepale, hakudai kitu.